Picha Iliyotumwa kwa Mama

Kaka yangu anaishi katika nchi ambayo mama hajawahi kulitamka jina lake likatoka zima. Mama huiita "kule kwenye baridi," nasi nyumbani tumelizoea jina hilo mno, hata ninaposoma habari redioni hunibidi nijikaze nisije nikasema kwamba waziri mkuu wa kule kwenye baridi amekutana na mwenziwe. Ni nchi ndogo. Ukiondoka mpaka mmoja asubuhi, alasiri umeufikia wa pili, na njiani umeshasimama ukanywa chai. Upande mmoja ina bahari na visiwa. Upande wa pili ina jirani mkubwa mwenye nguvu, ambaye hajapendezwa hata siku moja kuiona nchi ile ikijiamulia mambo yake yenyewe.

Sisi ni watu wa Shimoni. Kaka ndiye wa kwanza kwa mama, mimi namfuata, na baada yangu hakuna tena. Baba alifariki tukiwa wadogo, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu watatu, na sauti iliyoijaza ilikuwa ya kaka. Aliimba akioga, aligombana na kuku, alimwita mama kutoka uani kama vile mama yuko kisiwani Wasini, ng'ambo ya maji. Alipoondoka kwenda kutafuta kazi za meli Mombasa, ndipo nilipojua kuwa saa yetu ya ukutani ina mlio. Sikuwa nimewahi kuusikia.

Meli zilimchukua huku na huko mpaka zikamtua kule. Akaoa huko, akahamia kisiwa cha kina wifi, akapata kazi kwenye meli inayotengeneza nyaya zilizolazwa chini ya bahari, zile zinazopitisha simu na habari kutoka nchi moja hadi nyingine. Mama alipoelezwa kazi hiyo mara ya kwanza alisema, "Basi wewe ni fundi wa simu," na habari ikaenea mtaani hivyo hivyo. Majirani wakaanza kumletea mama simu zao zilizopasuka vioo. Mama hakuwakatisha tamaa. Alizipokea, akazifunga kwenye kitambaa, akaziweka kabatini zimngoje mwanawe atakapokuja likizo. Nilipomwambia kwamba kaka hatengenezi simu za namna hiyo, alinijibu kuwa mwanamume anayeweza kutengeneza simu ya nchi nzima hashindwi na ya mpishi wa maandazi.

Mimi nafanya kazi katika kituo kidogo cha redio Ukunda. Nasoma habari, na baada ya habari nasoma matangazo: arusi, mikutano ya wazazi, mbuzi waliopotea na vifo. Hasira zangu ziko puani, kila mtu kituoni anajua, na kinachozipandisha upesi kuliko vyote ni mtu kuniletea habari aliyotumiwa kwenye simu na mtu asiyemjua, kisha ananiuliza kwa nini sijaisoma.

Kaka alipiga simu kila Ijumaa baada ya sala. Siku hizo nilikuwa nikijitahidi niwe Shimoni, na mama alikuwa akiketi kitako, kanga ya pili mabegani, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai ili amwone uso. Walisalimiana kwa urefu. Mama akiuliza hali yake, ya mkewe, ya mkwewe, ya paka wa mkwewe. Kisha alikuwa akiuliza, "Na yule jirani yenu, hajambo?"

"Hajambo, mama. Yuko vile vile."

"Bado hajawapiga?"

"Hapigi, mama. Anafinya."

"Anafinya vipi?"

"Mahali pasipoonekana. Ukipiga kelele, watu wanatazama, hawaoni alama."

Akatueleza kidogo kidogo, Ijumaa moja hili, Ijumaa nyingine lile. Meli kuukuu, ambayo hata mwenyewe hajulikani vizuri, inapita juu ya nyaya za nchi ile huku ikikokota nanga, nyaya zinakatika, nahodha anasema hakujua kama nanga imeshuka. Watu wanaamka asubuhi wanakuta ujumbe kwenye simu kwamba maji ya bomba yametiwa sumu, wanakimbilia madukani, maji yenyewe ni mazima. Mitambo ya kuonyesha njia baharini inaonyesha kwamba meli iko katikati ya msitu. Kila jambo peke yake ni dogo, halitoshi kuanzishia vita. Ukiyajumlisha, unajua kuna mtu amekaa mahali akiyapanga.

Wifi hakulielewa jambo hilo upesi, ingawa ni nchi yake, na kaka alimwelewesha kwa mfano wa Galu. Shangazi yetu alikuwa na nyumba Galu, na kutoka nyumba ile palikuwa na njia ya kwenda pwani, ambayo watu walipita tangu enzi za mababu kwenda kuvua, kuoga na kuzamisha makuti. Kiwanja cha mbele kilipopata mwenye nguvu, njia haikufungwa. Kwanza liliwekwa lango, lakini lilikuwa wazi. Kisha akaletwa bawabu, kijana mpole, anasalimia. Kisha bawabu akaanza kuuliza tunakwenda wapi. Kisha akaja mbwa. Shangazi alikuwa akisema, nitagombana na nini, na lango lililo wazi? Siku ukuta ulipojengwa hapakuwa na hata mmoja aliyepiga kelele, maana watu walikuwa wameshazoea kuzunguka kwa kule mbali. Kaka alimwambia mkewe kwamba jirani yao anafanya hivyo hivyo, na wifi tangu siku ile akawa anauliza habari za ile njia kila mara, kwa uchungu, kama amewahi kuipita.

Nikamuuliza kaka, sasa nchi ndogo kama hiyo inajikinga kwa kitu gani? Nilitaka kuandika kipindi cha redio, lakini nilitaka pia kujua kama analala salama. Akasema silaha wananunua, lakini silaha hazimkati mtu anayekufinya chini ya meza. Wanachofanya zaidi ni kuhakikisha watu hawashtuki. Nanga ikikokotwa, serikali inatoka mchana mweupe na kusema ni meli gani, imetoka wapi, na inalindwa na nani. Kila nyumba imepelekewa kijitabu kinachosema wekeni maji, wekeni mishumaa, wekeni redio ya betri, na kila nyumba imepewa nyumba moja nyingine ya kuigongea mlango mambo yakiharibika.

Mama alipofasiriwa hilo la kugongeana milango alicheka mpaka akajifuta macho. "Hilo nalo lilihitaji kupigwa chapa? Waambie waje hapa. Hapa ukichelewa kufungua dirisha, watu wameshaingia mpaka jikoni."

Wifi ni mwalimu wa shule ya msingi. Huko, alisema kaka, watoto wadogo wanafundishwa kuiuliza kila habari maswali mawili: nani aliyeileta kwanza, na nani atafaidika nikiiamini. Niliyapenda maswali hayo. Niliyabandika ukutani studioni, na fundi wetu wa mitambo, bwana mmoja wa bara, akaniambia, "Madam, na hiyo yako ya ukutani ndiyo tutauliza nani ameileta?" Tukacheka.

Mwisho wa simu, kila Ijumaa, mama aliuliza lini atakuja. Kaka alikuwa na majibu mengi ya kukwepa, lakini mwaka huo alikuwa na jibu la kweli. Likizo ilikuwa imekubaliwa. Idd atakuwa Shimoni, yeye na mkewe. Mama alipaka chumba chokaa na kununua kitanda. Mimi niliomba ruhusa kazini mapema mno mpaka mkuu wangu akaniuliza kama naolewa. Nilikuwa na hamu naye kiasi kwamba nilianza kumsikia. Kweli, nilikuwa nikioga nyumbani kwa mama, nasikia mtu akiimba.

Kisha, siku moja ya katikati ya wiki, nimemaliza kusoma habari, na miongoni mwa habari hizo ilikuwamo ya waya uliokatwa tena kule kwenye baridi, na visiwa kadhaa havina mawasiliano. Niliisoma kwa utulivu maana haikuwa mara ya kwanza. Nikanywa maji. Fundi wa mitambo akaniletea simu ya kituo.

"Madam, kuna tangazo la kifo limeingia kutoka Shimoni. Hii tunapeleka saa hii ama jioni?"

Nilisoma nusu yake kwa sauti, kwa mazoea, kabla sijajua ninachosoma. Lilikuwa limetumwa na mjomba, ndugu yake mama. Lilisema kwamba mpwa wake, baharia, amefariki kwa ajali ya meli Ulaya, na matanga yako nyumbani kwa mamake.

"Hii haisomwi," nikasema.

"Lakini wametuma..."

"Nimekwambia haisomwi!" Yule bwana akaiweka simu chini. Alichukua mkoba wangu akanitundikia begani, kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama tu.

Nilifika Shimoni mikeka imeshatandikwa. Wanaume walikuwa nje kwenye mabenchi na kahawa, wanawake ndani, na mama katikati yao, hatazami mtu. Kwenye simu za wanawake wote wale palikuwa na picha moja: meli inawaka moto baharini, na chini yake maneno ya Kiswahili, Kiswahili kisicho na kosa, kwamba meli ya kutengeneza nyaya imelipuliwa, mabaharia wa kigeni wote wamekufa, na serikali ya nchi ile inaficha ili wengine wasikimbie.

Niliitazama ile picha, nikaona kwamba ile meli ina mabomba mawili ya moshi. Ya kaka ina moja. Alikuwa ametutumia picha zake nyingi, moja tumeitia kwenye fremu. Nikasema, "Hii siyo meli yake. Tazameni." Wanawake wakanitazama kwa huruma. Mmoja akanishika mkono, akaniambia, "Kaa, mwanangu. Kaa umlilie ndugu yako."

Sikukaa. Nilizunguka na yale maswali mawili ya watoto wa shule. Nani aliyekuletea? Huyu akaniambia ni fulani, na fulani akaniambia ni binti yake anayefanya kazi hotelini Galu, naye kwa simu akasema ni kundi la wake wa mabaharia Mombasa, na huko nikaambiwa imetoka kwa namba ngeni ambayo sasa haipatikani. Hapo uzi ukakatika. Nikarudi nikamwambia mjomba kwamba hakuna mtu hata mmoja aliyeona kitu. Mjomba, macho mekundu, akaniuliza, "Basi mbona hapokei simu?"

Simu ya kaka haikupatikana, ya wifi haikupatikana, na kisiwa chao kizima kilikuwa kimenyamaza. Mwongo alikuwa amekata waya kwanza, ndipo akasema uongo wake, na mimi niliyekuwa nikifundisha watu redioni namna ya kupima habari nilijikuta uani, nyuma ya banda la kuku, nalia kwa sauti.

Mjomba alitaka isaliwe sala ya ghaibu, sala ya maiti kwa mtu ambaye mwili wake haupo. Imamu akakataa. Alisema bila mashahidi hawezi kumsalia maiti mtu ambaye huenda muda huu anakula chakula chake. Hitima, kisomo cha Kurani na dua, akasema isomwe Jumamosi. Aliye hai itamfaa na aliyekufa itamfaa. Nilishikilia maneno yake kwa mikono miwili. Lakini mama hakuyasikia. Mama alisikia hitima, na hitima kwake ilikuwa na maana moja.

Kwetu, hitima ikishasomwa nguo za marehemu hazilali tena ndani. Hutolewa sadaka, nyingine kwa jamaa, nyingine kwa wasio na kitu. Mama alizihifadhi nguo za kaka miaka yote: kanzu mbili, vikoi, mashati ya ujana wake, koti alilovaa siku ya kuondoka na akalivua mlangoni kwa sababu ya joto. Alikuwa akizianika juani kila baada ya mvua zisiote kuvu, kisha anazikunja upya. Sasa alifungua kabati, akazishusha zote. Mimi nilikuwa nashika ncha moja ya kikoi naye nyingine, tunakunja. Shati moja alilinusa, akanipa nami ninuse. Halikuwa na harufu yoyote ila ya sabuni. Adhuhuri ilipofika nguo zote zilikuwa zimekwenda.

Alasiri simu ya mama ililia. Iliegemezwa kwenye chupa ya chai, kwa mazoea tu, sijui nani aliyeiweka pale. Kaka akatokea na ndevu za wiki, nyuma yake vyuma vya meli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, babangu," mama akaitikia. Adabu ilimtangulia. Aliitikia kama Ijumaa yoyote, kisha ndipo mkono ukamwenda kinywani, kisha akaanza kupiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia kwa binadamu, na wanawake wote wakapiga naye, na wanaume wakaingia na viatu vyao mpaka ndani. Kaka alikuwa akiuliza, "Kuna nini? Nani amekufa?" na hakuna aliyeweza kumjibu mpaka mimi nilipoichukua simu nikamwambia, "Wewe."

Walikuwa baharini wakiutengeneza ule ule waya. Walikatazwa kuwasha simu mpaka kazi iishe, meli yao isije ikajulikana iko wapi. Waya ulipounganishwa alipiga kwetu kwanza, kabla hata ya kwa mkewe, kwa sababu Ijumaa moja ilikuwa imempita.

Pilau ya hitima ilikuwa bado i motoni, ikaliwa kwa vicheko. Jirani mmoja akasema hajawahi kushiba vizuri hivi matangani. Lakini nguo hazikurudi. Kanzu nzuri ilimwendea mchukuzi mmoja wa pale gatini, mtu mzima, mwenye haya, naye alikuja jioni ile ile ameikunja mkononi. "Mama, chukua ya mwanao. Mwenyewe yu hai." Mama akakataa. Alisema ameshatoa, na alichokitoa kwa ajili ya Mungu hakiombi tena. Kwa hiyo nguo za kaka zikabaki zikitembea Shimoni. Shati lake la mistari lilikuwa likipita asubuhi na ndoo za samaki. Kikoi chake kilikuwa kikikaa barazani pa duka. Na kila Ijumaa mchukuzi yule alipokwenda msikitini, mama alikuwa akisimama dirishani na kuitazama kanzu mpaka inapokata kona. Alikuwa na mwana hai, lakini hakubakiwa na kitu chake cha kuanika juani.

Wiki chache kabla ya Idd, kaka alipiga simu siku ambayo si yake. Mama alikuwa akikaza kamba za kile kitanda kipya. Akakaa kitako, akafunga kanga, wakasalimiana, lakini safari hii kaka hakuiacha salamu iende urefu wake.

"Mama, ile picha haikupotea njia ikaja Shimoni. Ilitumwa kwako."

"Kwangu? Mimi wananijua wapi?"

"Hawakujui jina. Wanajua kwamba meli zetu hizi zinaendeshwa na watu wa kuja. Mfilipino, Mhindi, mimi. Wenyeji wa hapa ni wachache, hawatoshi. Basi wakatafuta mama zetu. Kila mmoja ametumiwa kwa lugha yake."

"Mimi nimewakosea nini?" mama akauliza, kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyetukanwa na mpita njia.

"Hujawakosea. Wametaka ulie, basi. Ulie uniambie nirudi. Wenzangu wengi mama zao wamelia, wameshaondoka. Nyaya zikikatwa tena hakuna wa kuziunganisha. Mkuu wetu ametukusanya tuliobaki. Hakutulazimisha. Alituomba likizo zisogezwe mbele mpaka wapatikane watu wengine."

"Na Idd?"

"Idd sitakuja, mama."

Niliona vidole vya mama vikilisokota pindo la kanga. Kaka akasema, "Lakini sikai bila radhi yako. Ukisema nirudi, nafunga mzigo leo." Na najua hakuwa akisema kwa kupamba. Kwetu mtu anaweza kuvunja ahadi ya nahodha na ya serikali, lakini hatoki wala hakai mahali mama hataki.

Nilikaa pale nikaona jambo ambalo hakuna kijitabu kilichoniandalia. Nchi yenye serikali, meli, na wanajeshi, imekuja kusimama mlangoni kwa mwanamke wa Shimoni, inangoja aseme. Nikamtazama mama, na moyoni nilikuwa nikimwomba aseme neno moja. Sema, mama. Sema arudi. Chumba kina chokaa.

Mama aliuliza, "Huyo mkeo, watoto wake wa shule, wakikatiwa hizo simu wanakuwaje?"

"Wanakaa gizani, mama. Hawajui nini kweli nini uongo."

"Kama sisi siku zile."

"Kama nyinyi siku zile."

Akavuta pumzi. "Basi kaa, babangu. Radhi yangu unayo, ya duniani na ya akhera. Mimi sitalizwa na mtu asiyenijua." Alisema kwa sauti kavu kabisa. Kisha akainuka, akasema anakwenda kutia udhu, na adhana ilikuwa bado. Nikamsikia uani akimwaga maji, akimwaga tena, maji mengi kuliko ya udhu wowote.

Tukabaki mimi na kaka. Hakuwa akinitazama, alikuwa akitazama pembeni, kitu fulani cha melini. Nikamwona ana mvi kidogo juu ya sikio, nikajiuliza zimeanza lini, nikawaza kwamba tungekuwa tukiishi nyumba moja ningeziona moja moja.

"Mama amekuwa hodari," akasema.

"Mama amekuwa hodari."

"Na wewe? Wewe wasemaje, mdogo wangu?"

Nilijua la kusema. Mimi ndiye niliyeandika kile kipindi. Ndiye niliyewaambia wasikilizaji wa Ukunda, Msambweni na Diani kwamba mkubwa anayetaka kumvunja mdogo haanzi na ukuta, anaanza na lango, na kwamba lango lake huwa ni moyo wa mtu wa kawaida aliyechoka kungoja. Maneno yote nilikuwa nayo, na sauti nzuri ya kuyasemea.

"Rudi," nikamwambia.

Akageuka akanitazama.

"Mama amekupa radhi, na mimi sipingani na radhi ya mama. Lakini umeniuliza mimi. Rudi nyumbani. Sijali nani anataka nikwambie hivyo. Hata awe ni yeye jirani yenu ameniandikia, ni kweli. Rudi."

Mdomo wake ulijikaza namna ulivyokuwa ukijikaza tulipokuwa wadogo, akipigwa hataki kulia mbele yangu. Huko uani maji yalikuwa yamekoma, na nikajua mama amesimama na kata mkononi, anasikiliza.

"Nimesikia," kaka akasema.

Yuko huko mpaka leo. Waya umekatwa tena tangu siku ile, wakauunganisha tena, na ni mimi niliyeisoma habari hiyo hewani, neno kwa neno, bila sauti kutetemeka. Mama haniulizi kwa nini nilisema vile. Ijumaa, wakimaliza kusalimiana, ananipa simu na kutoka nje, anatuacha wawili, ili awepo mtu wa kumwambia arudi.